Chupa Isiyotiwa Dawa

Tak. Kidonge kilianguka juu ya kifuniko cha kopo, kule chumba cha nyuma. Kulikuwa hakujapambazuka, na giza bado lilikuwa limeishika nyumba. Tak, kingine. Mpimaji alilala macho wazi, akisikiliza. Siku zote dada yake aliviangusha kwa kusuasua, kimoja na msonyo, kingine na msonyo. Leo vyote saba vilianguka mfululizo, glasi ya maji ikafuata, kisha dada akasikika akiimba chini chini kwa sauti iliyokwaruza.

Mpimaji akatabasamu gizani. Wimbo ule yeye ndiye aliyeuleta nyumbani.

Dada mtu alikuwa na mwezi wa nane akiugua kifua kikuu sugu, kile kisichosikia dawa za kawaida. Alikuwa amebaki mifupa na macho. Hospitali ilimruhusu atibiwe nyumbani kwa masharti: alale chumba cha peke yake, dirisha liwe wazi, avae barakoa, na binti yake, waliyemwita Kidoti kwa ajili ya alama nyeusi shavuni, asivuke kizingiti. Kidoti alikuwa na miaka mitano. Alilala na mama yake mdogo, ndiye mpimaji, na mama yake mzazi aliongea naye dirishani, mtoto akisimama nje kama mtu aliyekuja kununua kitu dukani.

Daktari alipoona mgonjwa hanenepi, aliagiza makohozi yake yapimwe upya, ijulikane ni dawa ipi bado inayaweza maradhi yale. Yakapelekwa maabara ileile alikofanya kazi mdogo mtu. Kopo lilikuwa na namba tu, bila jina. Lakini namba ya dada yako, hata ukiamshwa usingizini utaitaja.

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira. Makohozi yalilowekwa kwenye magadi makali dakika kumi na tano, kuua vijidudu vingine vya mdomoni. Kisha yalidondoshwa kwenye vichupa vyenye lishe ya mayai, iliyoganda mshazari, rangi ya kijani. Kila kichupa kilikuwa na dawa yake. Kimoja hakikutiwa dawa. Wenyewe walikiita shahidi. Kifua kikuu kikiota kwa shahidi na kisiote penye dawa, dawa hiyo inafaa. Kikiota kote, dawa hiyo ni maji matupu. Baada ya siku ishirini na nane shahidi ndiye aliyesomwa kwanza, na hapakuwa na mjadala.

Jana ilikuwa siku ya ishirini na saba. Mpimaji alifungua kabati la joto kutoa vichupa vya mtu mwingine, mkono ukakosa adabu. Alivuta kimoja tu cha dada yake, chenye dawa kali kuliko zote alizomeza. Kilikuwa kijani kitupu, bila hata punje moja. Akakirudisha, akaenda kujifungia chooni, akalia kwa furaha. Jioni alisimama mlangoni pa chumba cha nyuma.

"Dada, dawa imewaweza wadudu."

"Usinitanie, mwenzio kifua hakina nguvu za kucheka."

"Nikutanie kwa hili? Nimeona kwa macho yangu."

Sasa, asubuhi hii, alikaa kando ya mkuu wa maabara, mzee waliyembandika jina la Bwana Saa kwa kuwa hata chai aliinywa kwa dakika. Bwana Saa aliinua kichupa cha shahidi kwenye mwanga, akakizungusha, akakishusha.

"Shahidi amenyamaza," alisema.

"Labda hujakiona vizuri, mzee."

"Macho yangu ni mabovu kwa magazeti, si kwa vichupa. Angalia mwenyewe."

Aliangalia. Kijani kitupu. Vichupa vyote kumi na viwili vilikuwa vitupu, vyenye dawa na kisicho na dawa, vyote sawa kama watoto waliokoga siku moja.

"Wadudu hawa walikufa kabla hawajaionja dawa," Bwana Saa alisema. "Uliwaloweka dakika ngapi?"

"Kumi na tano ziliisha. Nikaongeza."

"Ngapi?"

"Nyingine kumi na tatu."

"Kumi na tatu! Hapo hata mimi ningekufa. Kwa nini, mwanangu?"

"Niliogopa uchafu mwingine ukiota tungepoteza mwezi mzima. Nilitaka yake yawe safi kuliko ya watu wote."

"Yake nani?"

Bwana Saa aliitazama namba, akamtazama yeye usoni, akavua miwani.

"Ungenipa mimi," alisema taratibu. "Damu yako huipimi mwenyewe. Huoni kitu, unaona unachotaka." Alifungua droo, akatoa kopo jipya la makohozi, akampa. "Tunaanza upya, nami nitaloweka mwenyewe. Kuna dawa mbili mpya hatukumjaribia. Nitaziweka nazo, huenda tukapata pa kushika. Kuna mtu umemwambia lolote kabla ya leo?"

"Dada. Jana jioni."

"Basi usikae hapa. Nenda nyumbani."

Alikwenda nusu anatembea, nusu anakimbia, kopo tupu likigongagonga mkobani. Ulimi hauna mfupa, alijiambia, lakini wake ulikuwa umevunja mifupa ya wengine.

Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi. Dirisha lilikuwa limefungwa, barakoa imening'inia kwenye msumari. Dada alikaa kitandani, Kidoti mapajani mwake, uso wa mtoto umezama shingoni mwa mama.

"Umewahi leo," dada alisema. "Njoo uone huyu alivyo mzito. Jirani alikuja kumpeleka chekechea, nikamwambia leo haendi mtu. Tumelala hapa tangu asubuhi, pua kwa pua."

"Dada, mteremshe."

"Una wivu? Miezi minane umelala naye wewe."

"Mteremshe kwanza, nikueleze." Alikuwa tayari amefika dirishani, anavuta komeo kwa mikono miwili. "Kipimo nilikiharibu. Wadudu niliwaua mimi, si dawa. Dawa kama inafanya kazi au haifanyi, hatujui."

"Ulisema umeona kwa macho yako."

"Niliona chupa tupu, dada. Sikuona kitu kingine."

Dada hakulia. Aliinyoosha shingo nyuma, mbali na uso wa mtoto, akaziba mdomo wake kwa kiganja kama aliyeshikwa anaiba. Kwa mkono wa pili alianza kumsukuma Kidoti, polepole, kisha kwa nguvu.

"Shuka, mama. Nenda kwa mama mdogo."

Kidoti alishika kola ya gauni, hakuiachia. Alimgeukia mpimaji, akamweleza kama mtu anayemweleza mgeni asiyejua habari za nyumba:

"Mama amesema amepona."