Sahani ya Dirishani

Kiwanda kile cha nguo kilikuwa na sheria nyingi zilizobandikwa ukutani ambazo hakuna aliyezisoma, na sheria moja isiyoandikwa popote ambayo kila mtu aliifuata. Kabla dirisha la kantini halijafunguliwa saa sita mchana, ilikuwa lazima mpishi mkuu ale chakula cha siku hiyo, sahani nzima, amesimama pale pale dirishani huku foleni ikimtazama. Mambo hayo yalianza mwaka ule watu arobaini walipoharisha kwa mpigo mmoja na vyoo vya kiwanda vikiwa vinne. Yaliyotokea siku hiyo naomba niyaache, maana huenda unasoma ukiwa unakula. Tangu hapo wafanyakazi wakasema hawaweki kitu mdomoni mpaka mpishi ametangulia, na wao wamemwona kwa macho yao.

Aliyeshika jiko baada ya hapo ni mjane mmoja mnene, waliyemwita Mama Kantini mpaka jina lake halisi likabaki kwenye kitambulisho tu. Alikula sahani hiyo miaka kumi na tisa, na mama wa watu alijua kula, tusidanganyane. Alikula kwa kijiko kikubwa, taratibu kama mtu asiyedaiwa haraka, akiwachokoza waliotangulia kwenye foleni: huyu macho yamemtoka pima, yule anameza mate mpaka yanasikika. Akimaliza alijipiga tumbo na kutangaza, "Sijafa! Fungueni!" Watu walivunjika mbavu kila siku kwa mzaha ule ule mmoja. Nyumbani kwake palikuwa kimya tangu mumewe afariki, na zile dakika kumi za dirishani ndizo alizozingojea tangu anapoamka.

Kisha magoti yakagoma. Sukari ikapanda, pumzi ikawa ya kutafuta, na daktari akamwambia bila kuzungusha maneno kwamba kwa mwendo ule hafiki miaka mitano. Wakamfanyia upasuaji, wakakata mfuko wa chakula na kutoa karibu robo tatu yake. Kazini aliaga kwamba anakwenda kumuuguza dada yake. Dada mwenyewe, mzima wa afya, ndiye pekee aliyejua ukweli, na alikuwa mbali, sauti tu kwenye simu. Mama Kantini aliona aibu. Alijua watasema ameshindwa kufunga mdomo mpaka ukafungwa kwa kisu.

Aliporudi baada ya wiki sita, gauni lilikuwa linamning'inia, na likaendelea kuning'inia zaidi. Watu hawakumsema usoni. Walimpa pole ya mgonjwa, ile pole ndefu yenye kuinamisha kichwa, halafu wakasogea pembeni kunong'ona. Kila mtu alikuwa na ugonjwa wake aliomchagulia. Naye akajitia hamnazo.

Kumbe kupungua hakukuwa shida. Shida ilikuwa kula. Wiki ya tatu baada ya upasuaji, akiwa peke yake nyumbani, alijaribu kipande cha kuku kisichozidi ncha ya kidole. Kikakwama. Kikakaa katikati ya kifua, hakipandi wala hakishuki, mate yakamtoka kama povu, na kwa saa nzima alishikilia ukingo wa sinki akiamini kwamba atakufa na majirani watamkuta siku ya tatu kwa harufu. Kikatoka mwishowe. Hofu haikutoka. Akarudi kwenye uji mwepesi na supu iliyochujwa, na miezi minne baadaye alikuwa bado yuko huko huko, wakati karatasi ya hospitali ilimtaka awe ameshazoea mayai, samaki na maharage tangu zamani.

Na ilikuwepo hofu nyingine, hiyo hata dada hakuambiwa. Aliogopa kwamba siku chakula kitakapopita vizuri, utamu utarudi. Utamu ukirudi, njaa itarudi. Na njaa ikirudi, yeye anajijua. Atajilisha mpaka arudi alikotoka, na kile kidonda chote kitakuwa kazi bure. Kwa hiyo aliogopa kisishuke, na aliogopa kishuke. Mtu wa namna hiyo anakula nini?

"Jipige moyo konde, mdogo wangu," dada alimwambia kwenye simu. "Kijiko kimoja tu."

"Nitajaribu, dada."

"Kila siku utajaribu. Umekula nini leo?"

"Supu."

"Hiyo si kula. Hiyo ni kunywa."

Nesi wa lishe hakuwa na upole wa dada. Alimtazama kucha, akamvuta nywele kidogo, zikabaki mkononi mwake. "Unajua kinachokula mwili wako sasa? Mwili wako wenyewe," akasema. "Jumatatu ijayo nikikuta bado unaishi kwa supu, nakulaza na nakulisha kwa mpira. Tafuna mpaka iwe uji, weka kijiko chini, subiri, ndipo uchukue kingine. Hakuna anayekufukuza."

Hakujua kwamba kila siku saa sita mchana watu mia mbili walikuwa wanamfukuza.

Dirishani Mama Kantini alikuwa ameshakuwa fundi wa uongo. Alipeleka kijiko mdomoni, akasogeza taya, akakibana chakula shavuni, kisha akajifuta midomo kwa kitambaa na kukiacha humo. Sahani iliyobaki aliigeuzia kwenye ndoo iliyofichwa chini ya dirisha wakati anajifanya anainama kuchukua upawa. Mzaha wake aliendelea kuusema, lakini mzaha unataka tumbo la kupiga, na lile halikuwepo tena.

Msaidizi wake ndiye aliyeiona ndoo. Huyo walimwita Kijiti, mwanamke mwembamba, mama wa watoto watatu, aliyejifunza kupika kwa Mama Kantini tangu siku ya kwanza alipounguza wali. Aliona chakula alichokipika kwa mikono yake kikimwagwa kila siku, akafikiri anachofikiri mpishi yeyote. Akapunguza chumvi. Akaongeza chumvi. Akabadilisha mafuta, akaloweka maharage tangu jana yake, akabandika mapema zaidi. Ndoo ikaendelea kujaa.

"Mama," alisema siku moja wakiwa wanachambua maharage, "kama nimekukosea, niambie."

"Umenikosea nini tena, mwanangu? Chambua, jua linapanda."

Kijiti akachambua. Mama Kantini alijua kabisa kwamba amemuumiza, na akanyamaza, maana kusema kungeanzia hapo na kusingeishia hapo.

Ikafika Jumatano. Siku hiyo wali na maharage vilikuwa kazi ya Kijiti mwanzo hadi mwisho, kwani Mama Kantini aliamka na kizunguzungu, akakaa kwenye kigoda akielekeza kwa kidole. Saa sita akajikokota mpaka dirishani. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa fundi wa mashine za kufuma, mrefu, waliyemwita Redio, na huhitaji kuuliza kwa nini. Mama Kantini akatia kijiko mdomoni. Akatafuna hewa. Akainua kitambaa akajifuta midomo, lakini kizunguzungu kikampiga tena, kitambaa kikaanguka juu ya ubao wa dirisha, kikafunguka. Maharage manne, mazima, yakabingirika mbele ya Redio.

"Ametema!" Redio akapaza sauti. "Jamani, mpishi mwenyewe ametema!"

Foleni ilivunjika kama vile mtu amepiga mayowe ya moto. Waliokumbuka ule mwaka wa vyoo vinne wakawasimulia wasiokuwepo, na kila aliyesimulia alitia chumvi yake. Mtu mmoja akagundua kwamba tumbo lake linauma tangu jana. Afisa utumishi akaja mbio na tai yake imelala begani, akachungulia dirishani, akaiona ndoo, akaona ina chakula cha jana na juzi cha kutosha kulisha watu wawili.

"Nani kapika leo?"

Kijiti akainua mkono, kama mtoto darasani.

"Mwaga masufuria yote. Halafu vua aproni, uende nyumbani. Tutakuita." Kila aliyefanya kazi pale alijua kwamba wanaoambiwa wataitwa hawaitwi. Unga ulikuwa umemwagika.

Kijiti hakulia wala hakubisha. Alipeleka mikono nyuma kufungua kamba za aproni, na wakati anazifungua akamtazama Mama Kantini, mtazamo wa mtu anayeuliza swali kwa mara ya mwisho. Miguu ya Mama Kantini ilitaka kukimbilia stoo. Nasema kweli, ilishaanza kugeuka. Angeweza kunyamaza na hakuna ambaye angejua.

"Acha aproni hiyo," akasema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Acha aproni! Chakula hakina neno. Mimi ndiye mwenye shida."

"Shida gani?" akauliza afisa.

"Nimekatwa tumbo. Mfuko wa chakula, umebaki kidogo hivi." Akaonyesha kwa ngumi yake. "Nilikwenda kupasuliwa ili nipungue. Si dada aliyeumwa, ni mimi niliyewadanganya. Siwezi kula sahani. Naogopa hata kijiko. Miezi mitatu namwaga chakula cha huyu binti, na chakula chake ni kizuri kuliko changu."

Huko nyuma mtu akacheka, na mwingine akasema kwa sauti ya mtu aliyepoteza dau, "Kwa hiyo siyo ule ugonjwa?"

"Maneno tu hayo," Redio akasema. "Nani ameona hilo tumbo? Sisi tunajua sheria. Ale."

Na wote wakageukia dirisha. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na njaa, na waliwahi kuharishwa. Mama Kantini akachukua kijiko cha chai. Akachota maharage, akayaponda ubavuni mwa sahani, akayatia mdomoni. Akaanza kutafuna, na Redio akaanza kuhesabu kwa sauti, kwa dhihaka, "Moja! Mbili! Tatu!" Wengine wakadakia. Walipofika ishirini walikuwa wanacheka. Walipofika thelathini hawakuwa wanacheka tena, kwa sababu waliona machozi.

Akameza. Akaweka kijiko chini, akashika ubao wa dirisha kwa mikono miwili, akangoja kile kitu kije kusimama katikati ya kifua. Watu mia mbili wakangoja naye. Hata Redio alikuwa amefunga mdomo, jambo ambalo halijatokea kabla wala baada. Hakikuja. Akachota cha pili. Vijiko vinne, dakika ishirini kwa saa ya ukutani, na hakuna aliyeondoka. Kwenye kijiko cha nne alisikia kitunguu, akasikia chumvi, akasikia kwamba Kijiti ameweka pilipili manga kidogo ambayo yeye hakuwahi kumfundisha.

"Ni tamu," akamwambia.

Kijiti akajifunga aproni upya huku analia waziwazi, na dirisha likafunguliwa. Siku hiyo walikula mbiombio, maana mapumziko yalikuwa yamekwisha nusu.

Kesho yake asubuhi afisa utumishi alikuja jikoni mwenyewe. Alivua kofia, akazungumza kwa heshima zote. "Mama, tumekaa, tumeona tukupunguzie mzigo. Sahani ya dirishani ataila msaidizi wako kuanzia leo. Wewe tunza afya. Na kusema kweli, foleni haiwezi kungoja dakika ishirini kila siku."

"Sawa, baba. Ni haki," akajibu, na ilikuwa haki. Hata yeye angeamua hivyo hivyo.

Saa sita ilipokaribia akaingia stoo na kufunga mlango. Alikaa juu ya gunia la mchele, na bakuli lake dogo magotini: yai moja la kuchemsha, alilolikata vipande vinane. Kupitia ukuta alisikia kila kitu. Alimsikia Kijiti akianza kwa woga, akamsikia Redio akimtania kwamba mtu mwembamba vile chakula kinapita wapi, akamsikia Kijiti akimjibu jibu la haraka ambalo lilimwangusha kila mtu. Kicheko kikaja kama zamani, kile kile, cha foleni nzima. Alikuwa amejiandaa kwa maumivu, kwa kichefuchefu, kwa nywele kudondoka, kwa maisha ya vijiko vidogo. Karatasi za hospitali zilikuwa zimeandika yote hayo. Hazikuandika kwamba siku atakayoanza kula, hatakuwa na wa kula mbele yake.

Alitaka kulia, akaona atapaliwa. Akatia kipande cha kwanza mdomoni, akatafuna mpaka kikawa uji, akameza, akaweka mkono kifuani. Akangoja. Nje walikuwa wanapiga sahani kwa vijiko, dirisha linafunguliwa.

"Kimeshuka," akasema kwa sauti.

Magunia yakamtazama. Akachukua kipande cha pili.