Fainali Kifuani mwa Malachy

Alhamisi, saa nane na dakika kumi mchana, Attracta Geraghty alifungua sandwichi za yai akazipanga juu ya blanketi la mumewe, kwa sababu machela haina meza. Machela ya Malachy ilikuwa ya saba kati ya kumi na mbili zilizopangwa ukutani kwenye korido ya idara ya dharura, katikati ya mlango wa eksirei na mashine ya kuuza chai. Alikuwa hapo tangu Jumanne asubuhi. Kila aliyetaka chai ilimbidi aisogeze miguu ya Malachy kidogo, na Malachy, mtu aliyelelewa vizuri, alikuwa akiomba radhi kwa kuwa na miguu.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Tangu wiki ya kwanza ya Septemba moyo wa Malachy ulikuwa ukisimama. Haukusimama moja kwa moja. Ulisimama kama mtu aliyekumbuka kwamba amesahau kitu nyumbani, kisha ukaendelea na safari. Attracta alijua kabla ya mtu yeyote, maana alikuwa amelaza kichwa juu ya kifua kile kwa miaka arobaini na moja. Mwanzoni ulisimama sekunde moja. Sasa ulikuwa unafika sekunde nne, na Malachy alikuwa ameshaanguka mara mbili: mara moja katikati ya ng'ombe wakati wa kukamua, na mara ya pili kanisani, akiwa ameshika sahani ya sadaka. Attracta aliogopa, na alijua hasa anachokiogopa. Siku moja moyo ungesimama na usikumbuke kuendelea.

Hospitali ilikuwa imempima Jumanne kwa sekunde kumi. Katika sekunde hizo kumi moyo ulikuwa na adabu zake zote. Karatasi ikatoka safi, ikabanwa kwenye faili, na tangu hapo kila Attracta alipofungua mdomo alionyeshwa karatasi. Yeye alikuwa na daftari lenye saa na urefu wa kila pengo. Manesi waliusifu mwandiko wake. Alimpigia simu mbunge, na ofisi ya mbunge ikaleta kadi ya kumtakia mgonjwa nafuu, yenye picha ya mbunge. Malachy alimsihi aende nyumbani akapumzike. Attracta akakataa. Asiyekuwepo na lake halipo.

Basi alipoinama kumwekea mto vizuri, sikio lake likagusa kifua, na mle kifuani mtu alikuwa anatangaza mechi.

Ilikuwa sauti ya Jarlath wa redio ya kaunti, ileile ya mtu mwenye mafua. Alikuwa akisema kwamba jua limetoka, uwanja umejaa mpaka kwenye uzio, na hii hapa fainali ya kaunti ya mchezo wa magongo, Jumapili tarehe kumi na tisa Oktoba, Kildorra dhidi ya Rathmoyle. Attracta akatazama kalenda ukutani. Ilikuwa tarehe kumi na sita.

"Malachy, unasikia chochote humo?"

"Kama paka anakoroma," alisema Malachy. "Kwani?"

"Unatangaza fainali ya Jumapili."

Malachy aliitafuna sandwichi yake mpaka ikaisha. Kildorra ilikuwa parokia yao, na mara ya mwisho kuchukua kombe ilikuwa mwaka wa sabini na tisa, yeye mwenyewe akiwa golini.

"Nani anaongoza?" akauliza.

Nesi Sheeja, aliyehamia kutoka Kerala miaka kumi na miwili nyuma na ambaye binti yake sasa alichezea timu ya watoto ya Kildorra, alivaa kipimo chake masikioni akasikiliza. Alisema hutokea. Mwaka juzi kulikuwa na mzee kwenye machela ya tatu aliyekuwa akitangaza bei za kondoo wiki mbili kabla ya mnada, na mnada ulipofika bei zilikuwa zilezile. Akaandika kwenye faili: "Kifua: Kildorra pointi mbili, Rathmoyle moja." Kisha akabaki palepale, huku kengele tatu za wagonjwa zikilia.

Haikuchukua dakika kumi korido ikawa haipitiki. Walikuja wapagazi, akaja fundi wa eksirei akiwa bado na joho lake zito la madini ya risasi la kuzuia miale, wakaja manesi wa ghorofa ya pili ambao kwa siku tatu ilikuwa inasemekana hawatoshi. Kwa kuwa vipimo vya masikioni havikutosha, Sheeja alisikiliza yeye na kuwapasia wengine kwa sauti. Pointi tano kwa tano. Sita kwa tano. Goli la Rathmoyle, na goli ni pointi tatu, na nusu ya korido ikakaa kimya kama msibani huku nusu nyingine ikirukaruka na kumpiga Malachy mabegani kana kwamba yeye ndiye aliyefunga. Kwenye machela ya nane, bega kwa bega na ya Malachy, bibi mmoja aitwaye Concepta Nally, ambaye alikuwa hapo tangu Jumatatu na miguu iliyovimba kama mito, alijiinua kwa viwiko ili asipitwe. Hata Attracta, Mungu amsamehe, alijikuta amekunja ngumi.

Ndipo daktari bingwa wa moyo, ambaye tangu Jumanne alikuwa hapatikani, akapatikana. Alikuwa Cormac Tuohy, mtoto wa Packie Tuohy wa Rathmoyle. Alikuja na kipimo chake mwenyewe, kilicho bora kuliko vyote katika jengo lile, akakiweka juu ya kifua cha Malachy.

"Dokta, afadhali umefika," alisema Attracta. "Moyo wake unasimama."

"Subiri kidogo, Bi Geraghty. Tumepata adhabu, mita ishirini tu."

"Sekunde nne, dokta. Nimeandika zote, tazama."

"Nyamaza kidogo, mama. Anarudi nyuma hatua mbili… Imepita juu ya mwamba, pointi. Safi sana."

Alikuwa karibu na moyo ule kuliko mtu yeyote, na chombo chake kilikuwa kizuri, na hakusikia kitu. Attracta alimtazama kisogo chake akahisi hasira ikimpanda mpaka kwenye nywele.

Dakika ya ishirini na nane timu zilikuwa sawa. Jarlath alikuwa amepandisha sauti mpaka yale mafua yakapona. Alisema mpira uko hewani, umedakwa, mdakaji amegeuka, amempita mmoja, amempita wa pili, yuko peke yake na kipa, anainua gongo, na hapo kifua kikanyamaza.

Sheeja akatikisa kipimo. Daktari akabonyeza chake kwa nguvu. Attracta hakutazama kipimo cha mtu. Alimtazama Malachy, ambaye rangi ilikuwa imemtoka usoni na kikombe cha chai kilikuwa kinamlalia mkononi. Akamshika mashavu kwa mikono miwili na kuhesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Hakuna aliyepumua pale, yeye kwa sababu yake na wao kwa sababu yao.

"…na goli kama hilo," alisema Jarlath, "sijawahi kuliona katika uwanja huu. Tunakwenda mapumziko. Matokeo mmeyasikia wenyewe."

Bendi ya akordioni ikaanza kupiga.

"Nani kafunga?" aliuliza fundi wa eksirei.

"Sisi," walijibu watu wa pande zote mbili.

Daktari Tuohy alinyooka. Kwa mara ya kwanza alionekana kuwa na wasiwasi. "Imekatika," alisema. "Kwa nini imekatika? Sekunde tano nzima. Hii si kawaida."

"Ndicho ninachowaambia tangu Jumanne."

"Na itakatika tena?"

"Jana ilikatika mara kumi na moja."

Attracta hakungoja aulizwe zaidi. Alifunga vifungo vya pajama za Malachy mpaka shingoni, akatandika sweta lake juu, kisha akaegemea pale kwa kiwiko kama mtu aliyefika kwenye ukuta wa jirani kupiga soga.

"Kipindi cha pili," alisema, "kitasikilizwa mgonjwa akiwa kitandani, na mashine ya moyo ikiwa imefungwa kifuani kwake."

"Bi Geraghty, hii ni hospitali."

"Na mimi niliambiwa hivyohivyo nilipomleta."

"Kuna utaratibu. Karatasi yake ni safi."

"Basi kasikilize karatasi." Attracta akaongeza kifungo cha sweta. "Nilisoma na mama yako, Cormac. Ukimwita mara moja, anageuka. Sijui wewe hili umelitoa wapi."

Manesi walitazama sakafu. Malachy, ambaye hakuwahi kupenda makelele, alimwambia mkewe taratibu kwamba pengine dokta ana shughuli nyingine. Attracta alimwambia anyamaze, yeye yuko mapumziko.

Kitanda kilipatikana baada ya dakika ishirini. Kilikuwepo tangu Jumanne, wadi ya moyo, dirishani, na juu yake palikuwa na boksi la mapambo ya Krismasi. Daktari mwenyewe alisukuma machela, na wapagazi wawili walitangulia kusafisha njia. Kwenye faili, mahali pa sababu ya kulazwa, aliandika kwa mkono wake: "Matangazo kukatika kipindi cha kwanza." Attracta alisoma, akalifunga faili akalirudisha. Wangeandika mgonjwa amemezwa na nyangumi asingebisha.

Kabla ya saa nne usiku mashine ilikuwa imechora mapengo tisa, moja la sekunde sita. Daktari Tuohy alitazama mchoro kwa muda mrefu, na lazima isemwe kwamba alipoamua kuwa daktari alikuwa daktari mzuri. Ijumaa asubuhi alimwekea Malachy betri ya moyo chini ya mtulinga, ndogo kama biskuti ya chai. Muda wote huo kifuani ilikuwa bendi tu. Nesi wa zamu ya usiku aliandika kwamba akordioni ya pili inachelewa kidogo.

Saa sita mchana Attracta aliachwa peke yake na mumewe. Akalaza kichwa mahali pake pa siku zote, akiepuka bandeji. Moyo ulipiga. Ukapiga tena. Akahesabu mapigo mia tatu na hakuna hata moja lililosahau kitu nyumbani, naye akalia kwa furaha mpaka shati la hospitali likalowa, kwa sababu tangu Septemba hakuwa amelala usingizi wa mtu mzima. Alipofika mia tatu na moja, bendi ikanyamaza na Jarlath akawakaribisha tena uwanjani.

Alisikiliza dakika zote thelathini. Haikukatika hata mara moja. Alishika chuma cha kitanda mpaka vidole vikawa vyeupe, akauma shuka, na mara mbili akapiga godoro kwa ngumi. Ilipokwisha, kifua kilibaki na moyo tu, ukitembea bila haraka.

"Usiniambie," alisema Malachy. "Nitasikiliza Jumapili kwenye redio, kama watu."

Daktari Tuohy alifika saa kumi na moja na kipimo chake. Alisikiliza kushoto, akasikiliza kulia, akamwomba Malachy avute pumzi.

"Hakuna kitu humu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya huzuni kweli.

"Kuna moyo," alisema Attracta.

"Naam. Moyo upo." Akakunja kipimo mfukoni. "Umesikia lolote kabla sijaja?"

"Jumapili si mbali, dokta."

Attracta alishuka kwenda kuchukua chupa yake ya chai, aliyokuwa ameisahau kule chini. Korido ilikuwa imerudi kupitika. Nafasi ya saba ilishajazwa kabla ukuta haujapoa; palikuwa na kijana mpaka rangi aliyeshika tumbo. Kengele zilikuwa zinalia na hapakuwa na aliyeziitikia. Concepta Nally alikuwa bado kwenye ya nane, midomo ikiwa na rangi ya wino, akivuta pumzi kidogokidogo kama anayekunywa kitu cha moto.

"Wako amepanda?" aliuliza Concepta.

"Amepanda. Yuko dirishani."

"Mungu ni mwema." Akapumzika kidogo. "Hebu nisikilize na mimi, Attracta. Huenda nina kitu."

Attracta akainama, akaweka sikio. Alisikiliza kwa makini, maana sikio lake lilikuwa na miaka arobaini na moja ya kazi hiyo. Moyo ulikuwa unakimbia, na chini yake palikuwa na maji, kama viatu vya mvua vinavyotembea shambani.

"Kuna nini?"

"Moyo, Concepta."

"Moyo tu?"

"Moyo tu."

"Basi hawaji," alisema Concepta, akageukia ukuta.

Attracta alisimama pale na chupa yake mkononi. Akatazama meza ya manesi mwisho wa korido, ambako Daktari Tuohy alikuwa amesimama akivaa koti la kwenda nyumbani. Kisha akaiweka chupa sakafuni, akalaza tena sikio kwenye kifua cha Concepta, na akasema kwa sauti iliyofika mpaka mlango wa nje:

"Kipindi cha pili kimeanza. Rathmoyle wana mpira."

Viatu vikasimama. Kisha vikaanza kuja, kwanza vya mtu mmoja, halafu vya wengi, na daktari alikuwa mbele akivuta kipimo mfukoni. Attracta alikikumbuka kipindi chote, kila pigo, tangu mpira wa kwanza hadi filimbi. Kilikuwa na dakika thelathini, na machela zilikuwa kumi na mbili. Dakika mbili na nusu kwa kila mtu, akibana vizuri. Akamfungulia Concepta kifungo cha juu, akawapisha, na akaanza kutangaza.