Sema Futi Inavyosema

Kila siku, saa kumi na moja jioni, mzee alimpoteza binti yake upya. Alitoka kusali chumbani, akaja sebuleni taratibu huku akipapasa miimo ya milango, akakaa kwenye kiti chenye mito miwili, akamtazama binti kwa mapenzi na kuuliza:

"Na wewe mwanangu, umeshasali?"

"Sisali, baba."

"Hujasali bado?"

"Sisali kabisa. Niliacha."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa kumi na mbili huu."

Hapo uso wa mzee ulikuwa ukiporomoka. Alikuwa na wiki tatu tu katika nyumba ile, na jioni ishirini na moja alikuwa ameipokea habari hiyo kama vile ndiyo kwanza anaisikia, maana kichwa chake kilikuwa kimeanza kuvuja na ya leo hayakufika kesho. Alilia bila sauti. Kisha aliinuka akaanza kuzunguka: mlango wa mbele, dirisha, mlango wa jikoni, mlango wa mbele tena. Alikuwa seremala tangu ujana, na hata katika huzuni mkono wake ulikuwa kazini. "Mlango huu umepinda," alisema kila alipoufikia wa mbele. "Aliyeuweka alikuwa amelewa." Chakula kilipoa mezani bila kuguswa. Alipochoka alilala, na asubuhi aliamka anatabasamu, anauliza kama chai iko tayari.

Binti naye hakukaa. Mzee akienda mlangoni, yeye alienda dirishani. Mzee akigeuka, naye aligeuka. Mtu angewaona kutoka nje angedhani wamepoteza ufunguo.

Kazi ya binti ilikuwa ukaguzi wa mizani. Alitembea duka hadi duka na sanduku zito la mawe ya kupimia yaliyothibitishwa, akayaweka juu ya mizani ya mwenye duka, akasoma. Mizani iliyosema kweli aliigonga muhuri. Iliyopunja aliifunga kwa waya na lakiri ya risasi, isitumike mpaka itengenezwe. Wenye maduka walimwita Bi Mizani, na akikata kona tu, habari zilikuwa zimeshamtangulia. Hakupokea hata soda. "Hana dini wala huruma," walisema, na kwa lile la kwanza walikuwa wamepatia.

Wasichojua ni kwamba ukali huo aliupata kwa mzee. Akiwa na miaka saba ndiye aliyeshika ncha ya futi karakanani, akasoma namba huku baba akiandika kwa penseli aliyoitoa sikioni. Jina la nyumbani likawa Futi. Siku moja ubao ulikuja na sentimita themanini na saba, na mtoto, akijua baba anataka tisini, akasema tisini. Milango ya kabati ikakataa kukutana. Mzee hakumpiga. Alimketisha juu ya maranda ya mbao akamwambia, "Sema futi inavyosema. Usiseme ninavyotaka mimi."

Basi alipokuwa mtu mzima, akajitafuta moyoni kwa miaka mingi na asimkute Mungu, hakujua njia nyingine. Alikwenda karakanani akasema. Mzee aliweka randa chini, akaapa kwamba mguu wake hautakanyaga nyumbani kwa binti huyo. Na mzee alikuwa mtu wa neno lake. Kwa miaka kumi na miwili aliishia getini, akauliza hali, akakataa hata maji ya kunywa, akaondoka. Sasa alikuwa ndani, na kiapo kilikuwa kimevuja pamoja na mengine. Binti hakuona ushindi wowote katika hilo. Aliona aibu, kama aliyemwingiza mtu kwa hila.

Binti alimchukua kwa sababu nyumba ya mdogo wake wa kiume, alikokuwa akiishi mzee, ilipakana na barabara kubwa, na mara mbili mzee alikuwa ameokotwa katikati ya magari. Huyo mdogo wake alikuwa kinyozi, na mtu wa ibada hasa, wa kukaa safu ya mbele. Kila siku yake ya mapumziko alikuja na wembe na taulo kumnyoa baba yao. Wiki ile ya tatu mzee alisinzia kwenye kiti, povu limejaa mashavuni, na kinyozi akaona nafasi.

"Dada, mzee anakonda."

"Najua. Nimempima. Alikuja na kilo hamsini na sita. Leo asubuhi ana hamsini na mbili na nusu."

"Mizani yenyewe ni nzima?"

Binti alimkazia macho.

"Haya, nisamehe," kinyozi akasema. "Lakini unajua kwa nini hali chakula. Akishakuuliza ndio basi, kijiko hakishikiki. Mwambie unasali."

"Sisali."

"Sijakwambia usali. Nimekwambia umwambie. Silabi moja tu, dada. Toa 'si', weka 'na'."

"Wewe ndiye unayeamini waongo wana moto wao, halafu unanituma mimi?"

Kinyozi alicheka bila kutaka, akafuta wembe. "Dhambi nitaibeba mimi. Wewe huna hata pa kuiweka."

Pembeni ya dirisha, jirani aliyekuwa akishinda na mzee wakati binti yuko kazini alisimamisha cherehani yake. Alikuwa fundi nguo, mjane mchangamfu, na alileta kazi zake pale ili mikono isilale. "Mimi namwambia nasali mpaka magoti yameota sugu," alisema. "Jana nilimwambia nimesali mara nane."

"Na hakubishii?" binti aliuliza.

"Anibishie nini, hata hanijui. Anasema, 'Vizuri, mama,' basi yamekwisha."

"Umeona?" kinyozi akasema. Kisha utani ukamtoka. Alishika kidevu cha baba yao, akapitisha wembe polepole, na hakumtazama dada yake alipouliza, "Hivi unamlinda nani? Yeye, au hiyo heshima yako?"

Neno hilo lilimchoma binti kama mwiba wa samaki. Kilo tatu na nusu ni kilo tatu na nusu. Kwa kazi yake, mtu aliyepunguza kiasi hicho katika gunia angefungiwa duka.

Kesho yake alitembea na sanduku lake akijifunza kusema uongo. Usicheke, mtu ambaye hajawahi huanzia mbali. "Nasali, baba," alisema njiani. Likatoka kavu. "Nimeshasali, baba." Likatoka kama la mtoto anayekariri shairi. Kwenye duka la unga alikuwa bado anatafuna maneno hayo huku mawe yake yakiwa juu ya mizani, na mwenye duka, kumsikia Bi Mizani akinong'ona habari za sala, akashikwa na hofu ambayo hakuwahi kuipata kwa muhuri wala risasi.

"Bibi, kwani imeharibika kiasi hicho?"

"Inapunja gramu ishirini."

"Gramu ishirini tu, bibi. Nani ataumia?"

Swali hilo alikuwa ameulizwa mara elfu na hakuwahi kusimama kulisikiliza. Siku hiyo alisimama. Alisimama mpaka mwenye duka akaanza kutumaini. Kisha aliifunga ile mizani kwa waya kama kawaida yake, lakini alipotoka nje alisahau jiwe la nusu kilo juu ya kaunta, ikabidi akimbizwe nalo. Alirudi nyumbani kwa miguu, haraka, akalipita geti lake mwenyewe na kugeuka hatua kumi mbele.

Saa kumi na moja mzee alitoka chumbani. Alipapasa miimo, akakaa. Fundi nguo alikuwa anamalizia pindo. Chakula kilikuwa mezani, kinatoa moshi.

"Na wewe mwanangu, umeshasali?"

"Nasali, baba," binti alisema. "Nimeshasali sasa hivi."

Mzee aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. "Vizuri, mama. Umefanya vizuri."

Akashika kijiko. Binti alihesabu: kimoja, viwili, vitatu, vinne. Alijisikia mwepesi na mchafu kwa pamoja, na angeukubali uchafu huo kila siku ya maisha yake, almradi kijiko kiendelee kupanda na kushuka. Lakini cha tano hakikuja. Mzee alifuta mdomo, akaangalia mlango wa mbele.

"Samahani, mama. Mwenye nyumba anarudi saa ngapi?"

"Mwenye nyumba ni mimi, baba."

Mzee alicheka kidogo, kicheko cha mgeni asiyetaka kumuudhi mtu. "Usinitanie. Hapa ni kwa binti yangu. Na binti yangu hasali. Alikuja karakanani akaniambia mwenyewe, macho makavu. Nikaapa sitakanyaga kwake." Akainama mbele, akashusha sauti kama anayetoa siri. "Sasa nimekanyaga. Nimekuja kumwambia yaishe. Lakini nakaa, nakaa, hatokei."

Binti aliinua mkono amshike. Mzee alikuwa ameshainuka. Safari hii hakuishia mlangoni. Aliufungua, akavuka ua, akasukuma geti, akatoka barabarani na kandambili mguu mmoja.

"Futi!" aliita. "Futi!"

Watu waligeuka. Kwa miaka kumi na miwili hakuna aliyemwita jina hilo. Binti alimkimbilia, akamshika mkono.

"Baba, ni mimi. Ni mimi hapa."

"Niache, mama," mzee alisema, akiuvuta mkono wake kwa upole. "Wewe ni mtu wa sala, nakuheshimu. Namtafuta mwanangu. Futi!"

"Baba, sisali."

Mzee akasimama. "Umesemaje?"

"Sisali. Nimekudanganya pale ndani. Sijasali mwaka wa kumi na mbili huu, na siamini kama kuna anayesikia."

Alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Mama mmoja aliyekuwa akipita alivuta mtoto wake akaongeza mwendo. Mzee alirudi hatua moja, akainua mkono, akaupapasa uso wa binti, paji, shavu, taya, kama alivyopapasa miimo.

"Futi," akasema. "Ulikuwa wapi? Humo ndani kuna mama mmoja anasali, nikadhani umehama."

"Nilikuwepo, baba."

"Tangu lini husali?"

"Mwaka wa kumi na mbili."

Machozi yakaanza, yakafuata makunyanzi yale yale, na safari hii binti naye alilia, mbele za watu, bila kujificha. Alisubiri. Alitaka kulisikia tena lile neno, yaishe, aambiwe yeye, kwa jina lake. Lakini neno lilikuwa limeshavuja. Mzee alijifuta kwa kiganja, akatazama mguu wake usio na kandambili, akashangaa umefikaje pale. Alikuwa amekwisha kulisema, na aliyeambiwa alikuwa mgeni.

Wakarudi wameshikana mikono. Kwenye mlango wa mbele mzee alisimama, akapitisha vidole kwenye mwimo.

"Umepinda."

"Umepinda, baba. Nusu inchi."

"Nusu inchi," mzee alikubali, akaingia. Alifika kwenye kiti chake, akaitazama sahani kwa mashaka.

"Mimi nimeshakula?"

Fundi nguo alifungua mdomo kumwambia ndiyo, ameshiba, apumzike. Binti akawahi.

"Vijiko vinne, baba."

"Basi bado," mzee akasema, akaivuta sahani karibu.