Nilifuta Kijani Chote

Kijani sikipendi, na hilo nimewaambia wateja wangu waziwazi. Picha yenye nyasi za kijani ni picha ya kila mtu. Wanaokuja studio kwangu, ghorofa ya pili ya jengo kuukuu katikati ya Johannesburg, hawataki picha ya kila mtu. Wanataka kutuma kwao Bukavu na Uvira picha za safari, hata kama safari yenyewe haizidi nusu saa ya taksi. Basi nawapeleka Braamfontein au Randburg, nawasimamisha penye miti. Nikirudi kwenye kompyuta nakigeuza kijani chote kuwa zambarau kwa mguso mmoja. Nyasi zambarau, majani zambarau, mbingu naitia uwaridi kidogo, na mtu anaonekana yuko mahali asipopajua hata yeye. Niacheni niringe: hakuna aliyenifikia kwa kazi hiyo.

Joël alikuja Jumamosi moja asubuhi. Alikuwa mlinzi wa duka, kijana mpole wa Uvira, asiye na karatasi yoyote ya maana mfukoni.

"Yaya Marcellin, unitie mu ndoto," aliniambia akicheka; yaya kwetu ni kaka mkubwa. "Mama akiona, asijue kama huku niko nalinda mulango."

Tulikwenda Braamfontein. Nilimnyoosha kola ya koti kwa mikono yangu miwili, nikampiga picha chini ya mti. Mchana nikamtumia ile iliyotoka vizuri zaidi, naye akaituma kwa mama yake na kwa dada yake Arlène, msusi. Usiku huo hakurudi nyumbani.

Siku ya tatu Arlène aliingia studio, macho yamemvimba. Kazini kwa Joël hawakumwona, simu yake ilikuwa imezimwa.

"Hata kama amekufa, nimupate," alisema. "Nimuzike mimi. Mama ameniomba ile tu."

Tukatengeneza tangazo. Tuliweka picha ile ile, maana ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Yeye akitamka, mimi nikiandika: Joël, miaka ishirini na sita, mrefu, viatu vyeupe. Tulipofika kwenye mavazi aliitazama picha huku amekaza midomo, nami nikadhani ni uchungu tu.

"Andika koti ya zambarau."

Nikaandika. Mimi niliyelishika koti lile kwa mikono miwili! Sikuwa nimelewa wala sikuwa na haraka. Nilikuwa nikitazama kioo cha kompyuta, na kwenye kioo koti lilikuwa zambarau.

Tangazo lilizunguka makundi yote ya WhatsApp, ya Wakongo, ya Warundi, ya Watanzania. Arlène alizunguka vituo vya polisi, hospitali na vyumba vya maiti akiuliza habari za mtu mwenye koti la zambarau. Kila mahali walimpekulia orodha na kumjibu kwamba hakuna.

Wiki ya sita alikuja Suzan, Mtanzania anayefanya usafi kwenye chumba kimoja cha maiti. Alitaka picha ya pasipoti. Akaliona tangazo ukutani.

"Hajapatikana tu huyu, kaka? Maskini. Kwetu aliletwa mmoja aliyegongwa na gari, uso hautazamiki. Viatu vyeupe hivi hivi. Nikataka kuwapigia, ila koti lake lilikuwa la kijani. Nikasema nisiwatie watu presha bure."

Nilifungua picha ya asili, ile niliyoipiga kabla ya kuichezea. Koti lilikuwa kijani kama kisamvu.

"Yuko wapi sasa, Suzan?"

"Wamezikwa Jumanne, kaka. Wale wasio na wenyewe huzikwa kwa pamoja."

Nilikwenda saluni kwa miguu, na nakiri kwamba njiani nilitunga uongo, tena uongo mzuri. Nilipomwona Arlène amesimama nyuma ya mteja, kitana mkononi, niliuacha. Nilimweleza yote pale pale, la kaburi na la rangi, nikamwonyesha picha ya asili kwenye simu. Nilingoja anipige. Ningeshukuru.

Alikiweka kitana, akaichukua simu.

"Ile koti ni mimi nilimununulia," alisema. "Siku ya kuzaliwa yake. Alinitumia picha, nikaona iko ya zambarau. Nikasema, eish, huyu ameuzisha koti yangu, amenunua ingine, na hana hata haya ya kunionyesha."

"Arlène, kosa ni langu."

"Ile magaribi alinipigia simu. Mara mbili, Yaya. Nikaiacha inalia, juu ya hasira."

Hakuinua sauti hata kidogo. Aliyeanza kulia ni mteja, kichwa kimesukwa nusu.