Marehemu Pendo wa Ukurasa wa Sitini na Tano

Fundi Vitalis wa Newala aliishia darasa la nne. Mwaka ule aliingia jandoni na wenzake, na alipotoka hakuona sababu ya kurudi tena kukaa dawatini. Jambo hilo halikumzuia kuwa na maoni. Tangu mitumba ianze kushuka kwa marobota, watu waliacha kushonesha suruali, wakawa wanamletea za kupunguza kiuno tu, kazi ya robo saa. Siku iliyobaki aliijaza riwaya, na kila aliyepita barazani kwake alipewa hukumu yake, atake asitake.

Ya mapenzi aliyoisoma mwezi wa pili aliikataa kwa sababu wapendanao walilia kurasa mia na ishirini na hakuna hata mmoja aliyeshika jembe. Ya upelelezi nayo ilimchosha. Mpelelezi alifukuza majambazi siku tatu bila kula wala kwenda haja. Mtu wa namna hiyo, alisema Vitalis, hahitaji bastola, anahitaji daktari. Ya tatu aliifunga katikati, pale binti alipoozeshwa na mjomba wake hata kuulizwa hakuulizwa. Mwandishi huyo, alisema, ama hana dada ama hana haya.

Vitabu vyote hivyo vilitoka kwenye sanduku la Mwalimu Scholastika, yule yule aliyemfundisha darasa la nne. Alikuwa akiviazimisha katika chumba cha nyuma ya ghala la korosho. Sasa ghala lilikuwa limepangishwa kwa mnunuzi binafsi, chumba kilitakiwa, na Mwalimu mwenyewe alikuwa anahamia Masasi kwa binti yake. Sanduku lingebaki Newala kwa mtu mmoja atakayeendelea kuazimisha.

Waliolitaka walikuwa wawili. Wa pili alikuwa Cecil, karani aliyefika kidato cha nne, mtu wa kuchomekea shati na kalamu mfukoni. Cecil alikwisha kusema sokoni kwamba vitabu haviwezi kukabidhiwa mtu anayesoma kwa kufuata mstari na kidole. Vitalis hakuweza kubisha. Alisoma kwa kidole kweli, na midomo pia ilicheza. Ila alijua kitu kimoja: sanduku likienda kwa Cecil litapigwa kufuli na kugeuzwa meza ya redio, na yeye atarudi kusoma maandishi ya kwenye mifuko ya saruji.

Miezi michache kabla ya hapo, Mwalimu alikuwa amempa rundo la karatasi zilizoachana, zilizookolewa kutoka kwa mchwa chini ya sanduku, amshonee. Vitalis alizipanga kwa namba, moja hadi mia na thelathini, haikupungua hata moja. Akazishona kwa sindano ya magunia, akazitia jalada la boksi, kisha akasoma.

Ilikuwa riwaya bora kuliko zote. Ukurasa wa sitini na nne, Pendo, msichana mpole wa kijijini, alikufa kwa homa, akazikwa. Ukurasa wa sitini na tano, Pendo alikuwa hotelini amevaa suruali, anavuta sigara, ana bastola kwenye mkoba. Vitalis alirudia kurasa hizo mara tatu. Mara ya tatu akaelewa. Kwenye maziko walitajwa baba, jirani, hata mwenye baiskeli, lakini mjomba wa marehemu hakutajwa popote. Maziko gani hayo, mjomba hayupo? Newala hakuna anayezikwa kabla mjomba wake hajafika. Bila mjomba hapakuwa na maiti. Jeneza lilijaa mawe.

Maelezo hayo yalivuma kutoka barazani kwake hadi Mkunya. Watu walikiazima kitabu kwa foleni. Hata Cecil alikaa nacho wiki mbili.

Siku ya kukabidhi sanduku, Mwalimu aliwaita wote wawili kwake alasiri. Vitalis alimwamkia shikamoo kwa sauti ya darasa la nne kabisa. Mwalimu aliitika marahaba, akawaomba kila mmoja aseme alichokiona katika kitabu kile kilichoshonwa.

Cecil alitangulia. Alisema mtiririko ni mzuri, lugha ni sanifu na maudhui yanaelimisha jamii. Vitalis akahisi amekwisha, maana hakuwa na maneno ya aina hiyo hata moja. Akaeleza tu habari za mjomba, jeneza na mawe, huku akipiga goti kwa kiganja kila alipofika kwenye ushahidi.

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani.

"Baba Anjelina," alimwambia Vitalis, "hivi ni vitabu viwili. Nilivisoma vyote kabla ya mchwa. Kimoja wamekula mwisho, kingine wamekula mwanzo. Pendo wa kwanza alikufa, maskini. Huyu wa bastola hata hawajuani."

Masikio ya Vitalis yalipata moto. Alifikiria kusema kwamba alikuwa anatania, lakini alikumbuka goti lilivyopigwa. Mtu hapigi goti lake namna ile kwa utani.

"Nilishona mimi, Mwalimu," alisema. "Niliangalia namba, sikuangalia maneno. Mpe Cecil sanduku."

Mwalimu akavaa miwani. "Na wewe Cecil, Pendo alipofufuka hukushtuka?"

"Pendo yupi?" Cecil aliuliza.

Mwalimu alilisukuma sanduku kwa mguu hadi mbele ya Vitalis.

"Huyu amesoma vibaya," alisema, "lakini amesoma. Ila wote uliowadanganya, Vitalis, ukawaambie ukweli."

Vitalis alifanya kama alivyoagizwa. Juu ya jalada la kitabu kile aliandika kwa herufi kubwa: HIVI NI VITABU VIWILI. PENDO WA KWANZA AMEKUFA. Wa kwanza kukirudisha baada ya hapo alikuwa Mama Abdulrazaki wa Mkunya, aliyekishika kama mtu aliyebeba malalamiko.

Aliuliza nani aliyeandika upuuzi ule juu ya kitabu kizuri. Vitalis akamweleza yote, kuanzia mchwa na namba hadi sindano ya magunia. Mama Abdulrazaki alimsikiliza kwa upole, kama anavyosikilizwa mgonjwa wa malaria anayeweweseka.

"Haya," alisema. "Na siku ya maziko, mjomba alikuwa wapi?"

Vitalis alikifungua kitabu ukurasa wa sitini na nne, akafuata mistari kwa kidole. Mjomba hakuwamo.

"Umeona? Shida yako uliacha shule mapema, Baba Anjelina. Riwaya inataka kusomwa taratibu."

"Ndiyo shida yangu," Vitalis alikubali, akamwandikia daftarini kitabu kingine cha kuazima.