Beki wa Mwisho Aliyetoka Nambis

Gerald Sulle aliondoka kijijini Nambis akiwa mtoto wa darasa la kwanza, ameshikwa mkono na mama yake Restituta, muuguzi mjane aliyekuwa amepata kazi Australia. Katika mji waliofikia, watoto walicheza raga, ile ya watu kumi na watatu kila upande, ambamo mchezaji hukimbia amekumbatia mpira kifuani na wapinzani wakamwangusha kwa mabega. Gerald aliingia uwanjani kwa sababu hakuwa na Kiingereza cha kutosha kukaa pembeni na kupiga soga.

Mwalimu alimweka nyuma kabisa ya wenzake. Mpira ukipigwa juu, yeye ndiye wa kuudaka, huku majitu yanamjia mbio. Na mpinzani akiwapenya wote, amebaki yeye peke yake wa kumzuia. Nafasi hiyo ilimkaa kama nguo ya kushonewa. Alipomaliza shule, klabu kubwa ikamchukua. Mwaka walioshinda ubingwa, ni yeye aliyemkamata mtu miguu karibu kabisa na mstari, dakika za mwisho, na mji mzima haukulala. Kule Nambis, baba yake mdogo Abel alikuwa akipanda kilimani penye mtandao na simu yake, bibi Gaudensia akimfuata taratibu, ili wamwone.

Lakini mchezo ule una madai yake. Mara ya kwanza alipopoteza fahamu uwanjani, alizinduka akicheka. Baadaye hakucheka tena. Jioni moja, baada ya kugongwa vibaya kichwani, aliendesha gari hadi kwenye nyumba waliyohama zamani, akasimama mlangoni akihangaika na ufunguo mpaka mwenye nyumba akatoka. Hakumwambia mtu.

Daktari alimshauri aache kabisa. Kocha, ambaye hakuwa mtu mbaya, alisema, "Nusu fainali ni mwezi ujao. Uamuzi ni wako." Gerald alikuwa ameshaamua kucheza. Mama yake hakubishana naye. Alimwomba kitu kimoja tu: "Nenda kwanza ukamsalimie bibi yako."

Alikuta Nambis wako kwenye mavuno ya vitunguu saumu, uwanja mzima unanukia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu," Gaudensia alisema, akamtazama juu hadi chini. "Umekuwa mkubwa hivi, utaingiaje kwenye mlango wangu?"

Siku ya kupakia mzigo, Gerald alipanda juu ya gari, na Fausta, binti wa Abel, akawa anamrushia vitita vya vitunguu kutoka chini. Majirani wakasimama kutazama, maana Gerald alikuwa anavidaka kwa mkono mmoja, vingine amevipa mgongo. Watu wakacheka, Fausta akazidi kurusha kwa nguvu. Gerald naye akafurahi kama zamani. Kisha akainua macho juani, na kitita kimoja akakiona viwili. Kikampiga shavuni. Kilikuwa chepesi, kisingemwumiza mtoto, lakini Gerald alishuka akishikilia ubao wa gari, akaketi chini karibu na tairi.

"Kaka Gerald, vipi?" Fausta aliuliza.

Alimtazama kwa adabu, kama mtu asiyemfahamu, akamwuliza jambo kwa Kiingereza. Fausta akamgeukia baba yake. "Anauliza mechi imebakiza dakika ngapi."

Kicheko kilikatika. Bibi Gaudensia alivua kitenge chake cha begani, akamkinga jua, akakaa naye mavumbini mpaka macho yake yalipotulia.

"Hii imeanza lini?"

"Ni uchovu wa safari, bibi."

"Gerald."

Akamweleza habari ya mlango na ufunguo, jambo ambalo hata mama yake hakulijua.

"Huo mchezo wenu siuelewi," bibi alisema. "Abel amenieleza miaka yote, nimeshindwa. Mimi nilikuwa naangalia, ukiangushwa, kama umeamka. Ukishaamka, namrudishia simu yake."

"Wananitegemea, bibi. Mimi ndiye wa mwisho. Nikikosekana mimi..."

"Baba yako pia alikuwa mtu wa kutegemewa. Kifua kilimwuma mavuno mazima. Akasema akimaliza kuvuna ataenda hospitali."

Kaburi la baba yake lilikuwa palepale, ng'ambo ya zizi, na Gerald alikuwa amelipalilia asubuhi ile. Aliinamisha kichwa akalia, na bibi hakumzuia.

Kesho yake alipanda kilimani na Abel akampigia kocha. "Sichezi," alisema. "Si nusu fainali tu. Nimeacha."

"Mke wangu alinisihi nikuambie mimi mwenyewe uache," kocha alisema. "Nilishindwa. Nisamehe."

Nusu fainali waliitazama kwenye simu ya Abel. Kijana aliyepewa nafasi ya Gerald aliuangusha mpira mmoja wa juu, na timu ikafungwa kwa kosa hilo. Gerald alitembea peke yake hadi jioni, akakataa chakula. Hakuna aliyemwambia kwamba ni mchezo tu. Siku iliyofuata alimtafuta yule kijana kwa simu, wakazungumza mpaka chaji ikaisha.

Siku hizi Gerald yuko Australia, anawafundisha watoto wa shule kudaka na kuanguka bila kuumiza kichwa. Zipo siku mwanga unamchoma macho. Anafunga mapazia, na Restituta anamletea uji. Mashabiki wakikutana naye dukani humwuliza kama anajutia kuacha mapema. Gerald hawadanganyi. Anawaambia ndiyo, hasa Jumamosi, akisikia uwanja unaanza kuimba.