Mkopo wa Fundi wa Miguu

Mtaa mzima wa karakana ulimwita Chuma, na hata mama yake mzazi alikuwa amelizoea jina hilo, lile alilompa mwenyewe akilitumia siku za hasira tu. Alikuwa mchomeleaji. Mageti, madirisha, vitanda vya bweni, ngazi za maghorofa, vyote vilipita mikononi mwake, na kwa miaka ishirini na mbili hakuwahi kumkabidhi mteja kazi iliyopinda. Mdomo pia alikuwa nao. Ubishi ukizuka mtaani, watu walimtafuta kama wanavyomtafuta mwamuzi kabla ya mechi, isipokuwa huyu mwamuzi alikuwa na timu yake tangu mwanzo.

Kwa hiyo redio ilipotangaza kwamba serikali inafikiria kuwafutia mikopo wote waliosomeshwa vyuoni, mafundi waliweka nyundo chini wakamzunguka. Chuma hakuwaangusha. Alisema hakuvuka mlango wa chuo maishani mwake, na kila kijiti cha kuchomelea anachonunua kina kodi ndani yake. Iweje leo kodi hiyo ikamlipie deni mtu anayekaa kwenye kiti cha kuzunguka, chini ya kiyoyozi, na ambaye hata geti lake akija kulitengenezesha huomba apunguziwe bei? Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, lakini Chuma mwenyewe hakucheka. Jambo lile lilikuwa limemgusa mahali pabaya, na mahali hapo palikuwa na mtu: mdogo wake wa kike.

Chuma alimzidi miaka kumi. Alipokuwa mdogo alishinda karakanani, na Chuma ndiye aliyemfundisha kushika tupa, kusikiliza chuma kinavyolia kinaposuguliwa, na kujua kwa sauti tu kama kimelainika. Alipomaliza sekondari alipata nafasi ya kusomea utengenezaji wa viungo bandia, miaka mitatu. Baba alikuwa ameshafariki, mama alikuwa mshona sare za shule, na ada ile hata wangejiuza isingetimia. Ukabaki mkopo. Chuma aliisoma fomu ile akakunja uso. Alimwambia dada yake asisaini, kwamba ataolewa na deni kabla hajaolewa na mtu. Binti alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akasaini. Chuma alimnunia wiki nzima.

Hofu yake haikuwa ya bure. Binti aliajiriwa katika hospitali ya umma, na kwa miaka kumi na mmoja makato yalitangulia kuchukua chao kabla mshahara haujamfikia. Alikaa chumba kimoja. Alikwenda kazini kwa miguu. Mkoba wake ulishonwa kamba mara tatu, na mama ndiye aliyeushona. Hakuna siku aliyokwenda kumlilia kaka yake, na hilo lilimuuma Chuma kuliko kama angelia. Mwanzoni mwa mwaka huo ndipo alipofika nyumbani kwa mama na barua kwamba amemaliza. Ilisomwa kwa sauti mara mbili, maana mama alitaka kuisikia tena, na mara ya pili aliisikiliza amefumba macho.

Halafu, hata miezi miwili haijatimia, redio ikatoa lile tangazo. Chuma aliona dada yake ameibiwa mchana kweupe. Mtu amejinyima zaidi ya miaka kumi, na waliokuwa wakikwepa sasa wafutiwe?

Ilipojulikana kwamba kamati ya bunge itakuja kukusanya maoni ya wananchi, umoja wa mafundi ulimchagua Chuma awasemee. Alijifungia ofisini kwake, ambapo palikuwa ni meza tu nyuma ya mitungi ya gesi, akajaza kurasa tatu za daftari. Kisha akaona ni busara kumpelekea mdogo wake azipitie, kwa kuwa yeye ndiye msomi wa familia, na kwa kuwa ndiye shahidi ambaye hakuna mjumbe angeweza kumpinga.

Alimfuata hospitalini siku ya Jumanne, saa sita mchana. Karakana ya viungo ilikuwa nyuma kabisa, ikipakana na chumba cha kufulia, na Chuma hakuwahi kuingia humo. Aliukuta mstari wa miguu imeegemezwa ukutani, mingine haina rangi bado, na harufu ya jasi mbichi. Dada yake alikuwa amepiga magoti sakafuni mbele ya mama mmoja, mwalimu wa chekechea, aliyepoteza mguu chini ya goti. Alimwomba atembee katikati ya vyuma viwili vya kushikilia. Mwalimu akatembea. Dada mtu hakumwangalia usoni wala mguuni. Aliinamisha kichwa akisikiliza. Akamkalisha, akauvua mguu, akasugua kidogo sana ukingo wa pale kigutu kinapoingia, akamvisha tena. Akatembea. Akamkalisha tena. Walirudia mara nne, na mara ya nne mwalimu alifika mwisho wa vyuma akageuka bila kushika chochote, akabaki amesimama akiitazama mikono yake mwenyewe kana kwamba imekosa kazi.

Chuma aliutambua mkono ule. Ulikuwa mkono aliouongoza yeye juu ya tupa, lakini sasa ulijua mambo ambayo yeye hakuyajua. Alijikuta amevua kofia.

Mwalimu alipoondoka, Chuma aliuliza kwa nini meza mbili za kazi zimefunikwa mashuka. Dada yake alimwambia kwamba zilikuwa za wenzake wawili waliosoma pamoja. Mmoja alihamia nje ya nchi. Mwingine, ambaye darasani alikuwa akimshinda kila mtihani, sasa anauza bima. Mshahara ukishakatwa mkopo, haukumtosha kodi ya nyumba na nauli ya watoto. Yeye mwenyewe alibaki, alisema, kwa sababu hana watoto, ana chumba cha bei ya chini na kichwa kigumu cha ukoo wao. Yule mwalimu alikuwa amesubiri miezi tisa.

Chuma alirudi kwenye lililomleta. Alitoa daftari.

Dada yake alivuta kiti, akachukua penseli, akasoma kwa utulivu ule ule. Ile sehemu ya kiti cha kuzunguka na kiyoyozi aliikata. Alimwambia kaka yake kwamba wajumbe watalisikia tusi, hoja itawapita. Akamwonyesha mahali alipojirudia. Akamshauri aeleze kwamba mafundi wa mtaani wanafundisha vijana wa watu mwaka hadi mwaka bila kupewa mkopo wala ruzuku, na kwamba hakuna aliyewahi kuwauliza wanawezaje. Mwisho kabisa akamwandikia pembeni swali moja la kumalizia: wakifutiwa hawa wa leo, na mwakani wengine wakasainishwa fomu ile ile, tutakuwa tumefanya nini? Chuma alilisoma, akatikisa kichwa kwa raha. Lilikuwa swali lisilo na mahali pa kulikwepea.

Alimwomba afike siku ya kikao. Dada yake akasema ameshajiandikisha kuzungumza. Chuma akarudi mtaani akipiga mluzi.

Kikao kilifanyika Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi wa halmashauri. Viti vya plastiki vilijaa, na waliokosa viti waliegemea madirisha. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na kengele ndogo ambayo hakusita kuigonga. Chuma aliitwa wa saba. Alizungumza vizuri kuliko alivyowahi kuzungumza mtaani, pole pole, bila kejeli, na alipolitupa lile swali la mwisho ukumbi ulipiga makofi mpaka kengele ikawa haisikiki. Hata mjumbe mmoja wa kamati alionekana akiliandika.

Wa nane alikuwa dada yake. Alisimama na mkoba wake, bila karatasi.

"Aliyetoka kuzungumza ni kaka yangu," alisema, "na yote aliyoyasema ni kweli. Mimi nimekopa na nimelipa, hadi shilingi ya mwisho. Watu wananiuliza kama sitaumia wenzangu wakifutiwa. Nitaumia kidogo, siwezi kudanganya. Lakini naomba wafutiwe."

Chuma alihisi masikio yake yakiwaka. Mafundi waliokaa naye walimgeukia, naye akatazama mbele.

Dada yake aliwasimulia wajumbe kuhusu zile meza mbili zilizofunikwa mashuka. Hakuwaomba wamwonee huruma. Aliwaeleza hatua za kutengeneza mguu mmoja, jasi inavyochukua umbo la kigutu, siku inazohitaji kukauka, majaribio, marekebisho, na kwa nini fundi mmoja hawezi kufanya kazi ya watatu hata akijipinda vipi. Kisha akasema kuna watu wengine ambao fomu hiyo iliwadhuru na hakuna anayewahesabu, kwa sababu hawakukopa.

"Kaka yangu alipata barua ya chuo cha ufundi akiwa na miaka kumi na tisa. Aliisoma fomu ya mkopo, akaona deni litakalomshukia mama akishindwa, akairudisha. Hakutuambia. Angekuwa mhandisi leo. Mkitunga sheria ya kutusaidia sisi tuliosaini, mkumbuke na wale walioogopa kusaini. Wala si uoga. Walijua kusoma."

Mjumbe mmoja mwenye sauti nzito akauliza swali lililokuwa vichwani mwa wengi: sawa, lakini nani atalipa?

"Sote," alijibu. "Na mheshimiwa, sasa hivi pia tunalipa sote, ila hatupewi risiti. Mwalimu aliyekaa kitandani miezi tisa akisubiri mguu amelipa. Darasa lake lililokosa mwalimu limelipa. Tunachoulizana hapa ni kama tutalipa kwa mpango au tutaendelea kulipa hivi hivi."

Akashukuru, akaketi. Makofi yalichelewa kuanza, kisha hayakutaka kuisha.

Chuma alitoka nje kabla ya wengine. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikujua ielekee wapi. Barua ile alikuwa ameichoma mwenyewe kwenye jiko la mama, miaka mingi iliyopita, akidhani hakuna aliyeiona. Dada yake alimkuta amesimama kwenye ngazi za ukumbi, akikagua mshono wa vyuma vya kushikilia kama kawaida yake.

"Huyu aliyechomelea hapa alikuwa na haraka," Chuma alisema.

Dada yake akaweka mkoba wake ngazini.

"Siku ile hospitalini ulikuwa unajua utanipinga."

"Nilijua, kaka."

"Na bado ukaninolea maneno yangu. Lile swali la mwisho ni lako. Ukumbi mzima umelishangilia."

"Hoja yako ilikuwa nzuri. Ningeiacha butu halafu nikakushinda, ningekuwa nimekushinda kwa hila. Sikutaka hivyo kwako."

Chuma alimtazama. Alikuwa amegombana na watu maisha yake yote, mafundi, wateja, madiwani, na hakukumbuka hata mmoja aliyewahi kumkabidhi panga lililonolewa ndipo aje kusimama mbele yake mikono mitupu. Hasira ilimtoka, na nafasi yake ikajaa kitu ambacho hakukizoea, kwa hiyo akakohoa.

"Habari ya barua nani alikwambia?"

"Mama. Aliiona kabla hujaichoma. Aliniambia siku ile niliyopata nafasi yangu, na ndiyo maana nilisaini. Nilitaka mmoja wetu aende."

Waliondoka pamoja kwa miguu mpaka kwa mama, na njia nzima walizungumza habari za hali ya hewa na bei ya mabati, maana yale mengine yalikuwa yamesemwa.

Sheria ilipitishwa baada ya miezi minane, na kama ilivyo kwa sheria nyingi, haikumfurahisha mtu kikamilifu. Mikopo haikufutwa yote. Wanaotumikia hospitali na shule za umma walipunguziwa sehemu kila mwaka wa utumishi, mpaka deni liishe. Kikaongezwa kifungu cha ruzuku kwa wanaojifunza ufundi, nusu ya kile umoja wa mafundi ulichoomba, na wasemaji bungeni walitaja maoni yaliyotolewa katika kikao cha mji ule. Waliokwisha kulipa hawakurudishiwa kitu. Chuma alipiga kelele sana juu ya hilo. Dada yake alimwambia apunguze sauti, mama amelala.

Yule muuza bima alirudi. Shuka la meza moja likatolewa, likafuliwa pale jirani, na muda wa kusubiri mguu ukaanza kupungua, miezi tisa ikawa mitano, halafu minne. Hospitali ikahitaji jozi ya pili ya vyuma vya kujifunzia kutembea, ikatangaza zabuni, na Chuma akaipata kwa haki, kwani dada yake alikataa katakata kuwamo kwenye kamati ya kuchagua. Chuma alivisugua vyuma vile mpaka vikawa laini kama kiganja, akavifunga mwenyewe, akakaa pembeni kuona vikitumika.

Mtaani bado anapinga baadhi ya mambo katika sheria ile, na ukimpa nafasi atakueleza moja baada ya jingine. Lakini mgeni akifika karakanani, kabla hata hajatoa vipimo vya dirisha lake, atasimuliwa kwanza habari za kikao. Chuma huigiza sauti zote, ya mwenyekiti, ya mjumbe, na ya kwake mwenyewe. Akifika kwenye sauti ya dada yake huacha kuigiza. Huyasema maneno yake taratibu, neno kwa neno, na kisha humwambia mgeni kwamba yeye na yule mtu aliyemshinda mbele ya mji mzima wamezaliwa tumbo moja.